Goli la Kuomba Radhi

Sehemu iliyopita iliishia pabaya, najua. Tulimwacha Mkopo ameketi kwenye benchi la mbao ndani ya chumba cha kubadilishia nguo, amevaa shati lake la kutokea, wenzake wote wameshavaa jezi. Simu ya meneja wa timu ikaita. Namba ngeni. Nami nikaweka kalamu chini.

Msomaji mmoja ameniambia nina roho mbaya. Sina nyingine, bwana, tuvumiliane na hii hii.

Kwa aliyelishika gazeti leo kwa mara ya kwanza: Mkopo si jina lake. Ni mshambuliaji aliyelelewa tangu utotoni na ile klabu kubwa, ile yenye makombe mpaka makabati hayatoshi. Dirisha la usajili lilipofunguliwa kabla ya msimu huu kuanza, klabu hiyo mama ikampeleka kwa mkopo Kokoto, timu ya mji wa machimbo ya mawe, iliyozoea kuburuta mkia kwenye ligi kuu.

Akaanza kufunga. Jukwaa likaanza kuimba, “Mko-po! Mko-po!” Waliimba kwa mapenzi. Yeye kila wakiimba alisikia kitu kimoja: wewe si wetu, utarudishwa.

Na kurudishwa ndiko alikokutaka. Msimu mzima alikula peke yake, akatembea peke yake kutoka mazoezini, akakataa kila mwaliko, kwa kuwa hakuona faida ya kuzoeana na watu atakaowaacha. Alikuwa akisubiri klabu mama wamwambie maneno mawili tu: rudi nyumbani. Wazazi hakuwajua. Nyumbani kwake ni ile hosteli ya klabu.

Lakini ratiba ya ligi haina huruma na mtu. Mechi ya mwisho ya msimu ikawa Kokoto na klabu mama. Kokoto wakishinda wanabaki ligi kuu, wasiposhinda wanashuka daraja. Klabu mama wakishinda ni mabingwa. Na kanuni inasema mchezaji wa mkopo hagusi mpira dhidi ya klabu mama mpaka klabu mama yenyewe iridhie. Meneja wa Kokoto alikuwa ameomba ruhusa wiki nzima. Hakujibiwa hata salamu.

Sasa simu inaita. Tuipokee.

“Haloo! Nani? Ofisi ya nani?” Meneja alikuwa akipiga kelele, kwani nje matarumbeta yalikuwa yamechachamaa. Akaiondoa simu sikioni, akamsukumia Mkopo. “Hebu sikiliza wewe, baba. Mimi sisikii kitu.”

Mkopo akaishika kwa mikono miwili.

“Hapa ni ofisi ya katibu,” ilisema sauti nzito ya kiume. Nyuma yake maji yalikuwa yakimwagika. “Yule mshambuliaji wetu mliye naye huko, hatuna pingamizi. Mwacheni acheze.”

“Mzee, ni mimi mwenyewe. Mimi ndiye—”

Simu ikakatika.

“Wanasemaje?” aliuliza meneja.

“Wamesema nicheze.”

Chumba kizima kililipuka. Kapteni wa Kokoto alimbeba juu juu kama gunia. Mtu akamrushia jezi namba tisa, mwingine akamvua viatu vya kutokea huku anaimba. Meneja akakimbilia kwa kamisaa wa mechi, na kamisaa akamwambia, “Nitamwandika, lakini karatasi ya ruhusa niipate leo leo, kabla sijatoka hapa uwanjani.”

Wote walifurahi kwa ajili ya Kokoto. Mkopo alifurahi kwa ajili ya neno moja. *Wetu.* Yule mtu alisema “mshambuliaji wetu”. Wanataka kunitazama, aliwaza. Wamenikumbuka.

Aliyengoja neno kwa msimu mzima hajali limetoka kinywani mwa nani.

Kwenye njia ya kuingilia uwanjani timu mbili zilijipanga ubavu kwa ubavu. Kocha wa klabu mama alipita katikati yao akiwa na haraka, akamkanyaga Mkopo kiatu.

“Samahani, kijana,” alisema kocha, akaendelea na safari yake.

Kijana! Mkopo akajipa moyo. Kocha ni mgeni, alikuja baada ya yeye kuondoka. Katibu naye mgeni. Hawezi kumlaumu mtu kwa kutomjua sura.

Lakini kulikuwa na mmoja asiye mgeni. Beki wa kati wa klabu mama alikuwa Pacha. Hawakuzaliwa tumbo moja, ila hosteli nzima iliwaita hivyo, kwa sababu walilala kitanda kimoja cha ghorofa, Pacha juu na Mkopo chini, tangu meno ya utoto yakiwatoka. Mambo yote ya kuchekesha aliyowahi kuyasikia maishani, Mkopo aliyasikia yakitokea kitanda cha juu. Tangu apelekwe Kokoto, Pacha alikuwa amepunguza kupiga simu, kisha akaacha kabisa.

“Pacha,” alinong’ona Mkopo.

Pacha alikuwa akitazama mbele. Jasho lilimtiririka na mechi haijaanza.

“Cheza tu,” alisema bila kugeuza shingo. “Usiniangalie.”

Ilimchoma. Kuwa adui kwa dakika tisini, sawa. Hata salamu?

Filimbi ikapulizwa, na sitawachosha na kipindi cha kwanza, kwa sababu kilikuwa kama ugomvi wa sokoni. Pacha alimkaba Mkopo mpaka pumzi. Alimpiga kiwiko cha mbavu, akamvuta jezi, akamkanyaga. Refa akamwonyesha kadi ya njano. Aliyesema baadaye kwamba Pacha alilegeza mguu siku ile hakuwepo uwanjani, au alikuwa foleni ya choo.

Kipindi cha pili kilipoanza tu, Kokoto wakapata kona.

Kapteni wa Kokoto alimzuia Pacha kwa mgongo wake mpana. Mpira ukaelea juu ya vichwa vya wote. Mkopo akaruka, akaupiga kwa paji la uso, na nyavu zikatikisika.

Goli!

Ngoja, usinyanyuke kwenye kiti. Kuna adabu moja ya mpira ambayo haimo kwenye kanuni yoyote ya ligi. Mchezaji akiifunga klabu iliyomlea, hashangilii. Anageukia jukwaa lao, anainua mikono, viganja mbele, kama kusema: mniwie radhi, kazi ni kazi. Na lile jukwaa, pamoja na uchungu wake wote, humpigia makofi. Humwambia bila maneno kuwa tunakujua, wewe ni damu yetu.

Mkopo alikuwa ameyaota makofi hayo. Wenzake walipomkimbilia aliwakwepa. Akaligeuzia kisogo jukwaa la Kokoto, lililokuwa limepagawa kwa furaha, akatembea mpaka mbele ya mashabiki wa klabu mama. Akainua mikono. Akainamisha kichwa.

Akasubiri.

“Huyu naye nani?” aliuliza mtu wa mstari wa mbele.

“Anatuomba nini?”

“Anatukejeli huyo! Mtoeni!”

Chupa ya maji ikamgonga begani. Ya pili ikapita sikioni. Hakuna hata kiganja kimoja kilichopiga makofi, ndugu msomaji. Alikuwa anawaomba radhi watu wasiomjua.

Akageuka nyuma. Jukwaa la Kokoto, lililokuwa likiimba jina lake kwa miezi, lilikuwa limenyamaza. Wenzake walikuwa wamesimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni, wakimtazama kama mtu aliyeinuka mezani katikati ya chakula cha wenyeji wake.

Kapteni peke yake ndiye aliyesema naye. “Tumekukosea nini?”

“Hamjanikosea. Ni heshima tu.”

“Haya. Cheza.”

Mechi ikaisha bao moja kwa bila. Kokoto wamebaki ligi kuu! Watu walivunja uzio, wakambeba kocha, wakambeba kipa, wakambeba hata daktari wa timu aliyekuwa akipinga kwa sauti. Mkopo alisimama karibu na kibendera cha kona. Walimpita kulia na kushoto. Hawakumchukia, la. Hawakujua tu wamfanye nini.

Akaenda kwenye basi la klabu mama.

“Unataka nani?” aliuliza mlinzi wa basi.

“Nataka kuwasalimu. Mimi ni wa hapa.”

“Hapa wapi? Umevaa jezi ya nani wewe? Sogea, watu wana machungu, wasije wakakuumiza.”

“Mwulize Pacha. Yule pale dirishani.”

Pacha alikuwa dirishani kweli. Macho yao yakakutana. Kisha Pacha akavuta pazia la basi, na basi likaondoka.

Mkopo alirudi kwa miguu. Alikuwa amepanga chumba kwa mjane mmoja, fundi cherehani, mwanamke wa maneno machache na miwani iliyofungwa kwa uzi. Ukuta kati yao ulikuwa mwembamba. Msimu mzima sauti ya cherehani ndiyo iliyokuwa mwenzake. Siku za mechi mama huyu alifunga kazi, akajitanda khanga ya rangi za Kokoto, akaenda kukaa jukwaani bila kupiga kelele hata moja.

Alimkuta anashona, jua likiwa bado halijazama.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba.” Hakugeuka.

“Tumebaki, mama. Hatushuki.”

“Nimeona. Nilikuwepo.”

Cherehani ikanguruma kidogo, ikanyamaza.

“Nikuulize kitu, mwanangu?”

“Niulize tu.”

“Pale ulipofunga. Wale watu ulikuwa unawaomba msamaha?”

“Ni desturi ya wachezaji, mama. Wale ndio walionilea.”

“Kwa hiyo kutuokoa sisi ni kosa la kuombea msamaha.”

“Sikumaanisha hivyo.”

“Najua hukumaanisha.” Akavua miwani ambayo haikuwa na vumbi, akaifuta kwa pindo la khanga. “Mimi tangu mume wangu afariki sijapaza sauti mbele za watu. Naona haya. Leo nilipanda juu ya kiti, mtu mzima na miguu yangu hii. Nikapiga vigelegele. Nikakutafuta kwa macho, nikasema, aniangalie mara moja tu, ajue na mimi nipo. Ukatugeuzia kisogo.”

Mkopo aliinama, akavua viatu.

“Maji ya kuoga yako tayari,” alisema mama, akavaa miwani, akaendelea na kazi yake.

Mkopo alikaa kitandani, akalia, nami nalisema hilo wazi kwa sababu kulia si aibu. Mchana huo huo alikuwa amepoteza nyumba ambayo hakuwa nayo, na nyingine ambayo alikuwa nayo bila kujua.

Mambo yangeishia hapo ningekuwa mwandishi mwenye huruma. Tumeshakubaliana roho yangu ikoje.

Asubuhi, redio ya mama ilitangaza kutoka upande wa pili wa ukuta. Klabu mama wamekata rufaa. Karatasi ya ruhusa haikumfikia kamisaa wa mechi. Wanadai Kokoto wamemchezesha kinyume cha kanuni mchezaji asiyeruhusiwa, na wanataka matokeo yafutwe, wapewe ushindi na ubingwa wao. Kokoto wakinyang’anywa ushindi huo, wanashuka daraja.

Kisha ikasikika sauti ya msemaji wa klabu mama, imejaa ghadhabu: “Mchezaji huyu ni wetu! Ni mali yetu halali, tumemlea kwa mikono yetu!”

Mungu amsamehe Mkopo. Furaha ilimpanda kabla ya akili. Msimu mzima alikuwa akingoja kuyasikia maneno hayo, na yalipokuja yalikuja kumwangamiza mama anayeisikiliza redio ile ile nyuma ya ukuta.

Simu yake ikaita. Safari hii ilikuwa klabu mama kweli. Mkurugenzi wa ufundi mwenyewe.

“Mwanetu!” alisema mkurugenzi kwa sauti ya asali. “Umetufunga, umetuumiza, lakini mtoto akinyea mkono… wewe si unajua mwenyewe. Kocha amekuona. Anakutaka. Rudi nyumbani.”

Maneno mawili. Mkopo aliketi sakafuni.

“Lini, mzee?”

“Hata kesho. Tuna jambo dogo tu. Kamati ya ligi itakuita, itakuuliza kuhusu hiyo simu. Wewe sema ulimsikia meneja wao akisema umeruhusiwa. Simu hukuishika.”

“Lakini niliishika.”

“Umesikia ninachokuambia?”

“Nimesikia, mzee. Ila niliishika kwa mikono yangu. Ofisi ya katibu ndiyo iliyosema nicheze.”

Asali ikapungua. “Katibu wetu hakupiga simu yoyote. Watu wa Kokoto wametengeneza mchezo. Wewe ni mtoto wa nyumbani au si mtoto wa nyumbani?”

“Ni wa nyumbani.”

“Basi watu wa nyumbani hawabishani. Tutakutumia gari.”

Mkopo alimpigia Pacha. Haikupokelewa. Akapiga tena na tena, mpaka ujumbe ukaingia: *Chukua hiyo nafasi. Rudi. Sema hukuishika simu. Tafadhali ndugu yangu usiniulize.*

Hata Pacha! Mkopo aliiweka simu kifudifudi. Ukutani redio ilikuwa imezimwa, na cherehani ilikuwa kimya.

Gari la klabu mama lilikuja siku ya kikao, likapiga honi nje. Mkopo alitoka, akamwambia dereva, “Tangulia, kaka. Nitakuja mwenyewe.” Alikwenda kwa miguu ili afikiri. Alipofika kwenye ofisi za ligi alikuwa hajafikiri kitu kinachoeleweka.

Chumba cha kikao kilikuwa na meza ndefu, chupa za maji ambazo hakuna aliyezifungua, na feni iliyokuwa ikizunguka kwa uvivu. Upande mmoja walikaa watu wa klabu mama: mkurugenzi, katibu, na Pacha aliyeletwa kama kapteni wa timu. Kati yao waliacha kiti kitupu. Mkurugenzi alikipigapiga kwa kiganja, akamtabasamia Mkopo.

Upande wa pili alikaa mwenyekiti wa Kokoto na meneja, ambaye alikuwa amekonda kama mtu aliyetoka kuugua. Nyuma yao, karibu na mlango, alikaa mtu ambaye hakuna aliyemwalika. Mama fundi cherehani, na mkoba wake mapajani.

Hakumsalimia Mkopo. Alikuwa amekuja kusikia timu yake ikihukumiwa.

“Namba iliyokupigia tumeijaribu,” mwenyekiti wa kamati ya ligi, aliyekaa kwenye kichwa cha meza, alimwambia meneja. “Haipatikani. Una shahidi gani kwamba uliruhusiwa?”

“Huyo hapo, mheshimiwa. Aliishika simu yeye. Mimi sikusikia, palikuwa na kelele.”

Macho yote yakamgeukia Mkopo. Alisimama katikati, hakukaa popote.

“Kwa kumbukumbu ya kikao,” alisema mwenyekiti wa kamati bila kuinua macho, “taja klabu yako.”

Ni swali la kawaida, kila shahidi huulizwa. Mkurugenzi alijiweka sawa kitini. Mwenyekiti wa Kokoto akatazama sakafu.

“Sina, mheshimiwa,” alisema Mkopo.

“Unasemaje?”

“Mkopo umekwisha msimu ulipokwisha. Na mahali pengine nilipodhani pana klabu yangu, nilikwenda pale siku ya mechi wakaniuliza mimi ni nani. Kwa hiyo sina.” Akamtazama meneja wa Kokoto. “Lakini simu niliishika. Sauti ilisema ni ofisi ya katibu, ikasema hatuna pingamizi, mwacheni acheze. Nitaapa kwa kitu chochote mtakachonipa.”

Tabasamu la mkurugenzi lilifutika. Meneja alifunika uso kwa mikono. Kule nyuma mama alikuwa ameushika mkoba wake kwa nguvu, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya mechi alimtazama Mkopo usoni.

Ushindi? Subiri.

“Naomba kusema, mheshimiwa,” alisema katibu wa klabu mama, akasimama.

Alikuwa mzee mwembamba mwenye sauti ya puani, nyembamba, inayovutwa neno kwa neno. “Mimi si mwongo, na umri wangu si wa kuanza uongo. Sikupiga simu. Sikumtuma mtu apige. Kusema kweli, ruhusa yenyewe sikujua kama imeombwa, maana huyu kijana sikujua kama yupo.”

Mkopo akamkazia macho. Mzee anasema kweli. Hii siyo sauti aliyoisikia. Haifanani nayo hata kidogo.

Sauti ile ilikuwa nzito. Nzito kupita kiasi, kama ya mtu anayeigiza bosi. Na yule mtu hakuwa ofisini. Ofisi gani ina maji yanayomwagika? Alikuwa bafuni. Bafu la chumba cha kubadilishia nguo cha timu ngeni, pale pale uwanjani, upande wa pili wa ukuta.

Nani pale klabu mama alijua kuiga mabosi? Nani alikuwa akilala kitanda cha juu akimwigiza mpishi, akimwigiza mlezi wa hosteli, akimwigiza mwenyekiti wa klabu, mpaka wa chini yake anauma shuka kwa kucheka?

Mkopo akamtazama Pacha. Pacha alikuwa akitazama meza.

Kumbe ndiyo sababu ya “usiniangalie”. Ndiyo sababu ya pazia la basi, na ya ule ujumbe. Nyumbani kulikuwa na mtu mmoja aliyemkumbuka, na alikuwa amejifungia bafuni na simu ya kuazima, akampa kitu pekee alichokuwa nacho cha kumpa.

Na sasa fikiri naye haraka, msomaji, kwa maana hana muda. Akisema ni Pacha, ruhusa siyo ruhusa tena, Kokoto wanashuka. Na Pacha atafungiwa maisha, kwani nani ataamini? Beki aliyempigia simu mshambuliaji wa upande wa pili, halafu mshambuliaji huyo huyo akafunga! Watasema aliuza mechi. Akisema ni katibu, mzee wa watu asiye na hatia anakuwa mwongo mbele ya nchi nzima.

“Kijana,” mwenyekiti wa kamati aliinua macho yake. “Umemsikia katibu akiongea. Ile sauti ya kwenye simu ilikuwa yake?”

Mkopo alitazama mlangoni, pale mama alipokaa.

“Jibu. Ilikuwa yake au haikuwa yake?”

“Mheshimiwa, mimi…”

“Na kama haikuwa yake, unaijua ni ya nani?”

Chumba kizima kilikuwa kinamsubiri yeye. Ndipo upande wa klabu mama kiti kikasukumwa nyuma kwa kishindo. Mkurugenzi alidaka mkono wa mtu, mtu huyo akaung’oa.

Pacha alikuwa amesimama.

“Msimsumbue huyo, mheshimiwa,” alisema. “Yeye hakujua.”